Akiba ya Umeme Isiinyamazishe Kianda

Umeme ulipopotea karibu nchini kote usiku wa Agosti 25, 2023, Wakenya walikumbushwa kwamba simu, hata ikijaa chaji, haina maana bila mnara wenye nguvu. Kwa mkazi wa Kianda, Kibera, ambaye M-Pesa, iliyoanzishwa 2007, ndiyo mkoba wake, hilo si jambo dogo.

Wahandisi wanapendekeza hesabu za mawimbi ziondolewe minarani na kupelekwa katika kituo kimoja cha kompyuta, kile kiitwacho wingu. Mnara hubaki na antena na redio tu. Umeme huokolewa, maana mitambo michache huhudumia minara mingi, na mingine huzimwa watu walalapo. Hatupingi.

Walakini, akiba hiyo ina deni lake. Antena mbili za 4G ziwezazo kuwapa wateja megabiti 150 kwa sekunde huhitaji karibu gigabiti 2.5 ili kupeleka mawimbi ghafi winguni. Hiyo ni zaidi ya mara 16. (Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hilo.) Mzigo huo hubebwa na nyaya za faiba, nazo si rahisi kuchimbiwa kati ya vichochoro vya mabati. Zikikatwa, mtaa mzima hunyamaza.

Ndiyo maana twaunga mkono njia ya kati: sehemu ya hesabu ibaki mnarani, ijapokuwa itatumia umeme zaidi. Mamlaka ya Mawasiliano nayo iyadai makampuni yaeleze, kabla ya kuhamisha mitambo, Kianda itapiga simu kwa njia gani siku faiba itakapokatika.