Gesi Asilia: Fungu la Umma ni Lipi?

Nchini Marekani, tofauti na nchi nyingi za dunia, mwenye ardhi aweza pia kuwa mwenye gesi iliyo chini yake. Mahali pengine nchini humo gesi ni mali ya umma, chini ya Serikali Kuu. Hali hiyo imezaa ubishi wa miaka mingi. Wako wanaodai kwamba, kwa kuwa sehemu kubwa ya gesi huchimbwa katika ardhi ya watu binafsi, basi umiliki wa umma hudumaza uzalishaji na kuipunguzia serikali mapato. Hoja hiyo yavutia, lakini imesahau mambo mawili: elimu ya miamba na hesabu.

Gesi haifuati mipaka iliyochorwa katika hati. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wahandisi huko Texas walifaulu kutoa gesi katika sheli ya Barnett, yaani mwamba wa tope la kale lililogandamana, kwa kuupasua kwa maji yenye shinikizo kubwa. Ufundi huo, pamoja na uchimbaji wa visima vya mlalo, ulienea hadi sheli ya Haynesville huko Louisiana na ya Marcellus huko Pennsylvania. Katika majimbo hayo Serikali Kuu ina ardhi kidogo; sehemu kubwa ya ardhi yake iko magharibi, mathalani Wyoming. Ni kweli kwamba vibali katika ardhi ya umma huhitaji taratibu nyingi zaidi. Hata hivyo, hakuna kibali kiwezacho kuumba gesi mahali isipokuwapo.

Sasa tuitazame hesabu. Sheria ya mwaka 1920 iliweka mrabaha wa Serikali Kuu usiopungua asilimia 12.5. Mwaka 2022 kiwango cha mikataba mipya kilipandishwa hadi asilimia 16.67, na mwaka 2025 kikarudishwa 12.5. Kwa kiwango hicho, gesi yenye thamani ya dola 1,000 huupatia umma dola 125, ambazo kwa kawaida karibu nusu yake hurudi katika jimbo ilikochimbwa. Katika ardhi ya mtu binafsi mrabaha humwendea mwenye ardhi, naye mara nyingi hupatana fungu kubwa kuliko hilo. Serikali hubaki na kodi, ambazo aghalabu hutozwa katika ardhi ya umma pia. Texas hutoza asilimia 7.5 ya thamani ya gesi, yaani dola 75 kwa kila dola 1,000, kabla ya makato na misamaha. Pennsylvania haina kodi ya namna hiyo. Tangu mwaka 2012 hutoza ada kwa kila kisima.

Kwa hiyo wingi wa gesi si kipimo cha faida ya umma. Kipimo ni fungu linalobaki na matumizi yake. Texas yenyewe ni shahidi. Ilipojiunga na Marekani mwaka 1845, ilibaki na ardhi yake ya umma, na katiba yake ya mwaka 1876 ikaanzisha mfuko wa kudumu wa chuo kikuu. Mwaka 1923 mafuta yalipatikana katika kisima cha Santa Rita, kwenye ardhi ya mfuko huo. Mafuta ya kisima huisha. Mfuko ungali unasaidia elimu ya juu.

Nchini Tanzania gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Kisheria rasilimali hiyo ni mali ya umma, hivyo ubishi wa Marekani juu ya mwenye gesi hauna nafasi. Lakini umiliki peke yake haujazi Hazina. Mwanafunzi ajuaye asilimia hana budi kuuliza maswali matatu kila asikiapo habari za gesi: thamani yake ni kiasi gani, fungu la umma ni lipi, na fungu hilo litajenga nini? Gesi huwaka mara moja tu. Kizazi kisichouliza mapema kitawaachia watoto wake mashimo matupu.