Mashua ya Tatu: Filamu ya In the Heart of the Sea na Hoja ya Uhuru wa Msanii

Miongoni mwa hoja ambazo hutolewa kila filamu ya kihistoria inapolaumiwa, hapana iliyochakaa kama ile ya uhuru wa msanii. Hoja hii huvaliwa kama hirizi: akishaivaa msanii, risasi za mhakiki hugeuka maji. Filamu ya In the Heart of the Sea, iliyoongozwa na Ron Howard na kutolewa mwaka 2015, ni mojawapo ya zile ambazo watetezi wake hukimbilia hirizi hiyo. Makala haya yanadai kwamba kinga hiyo haifai kitu hapa, kwa kuwa kosa la filamu si kuongeza chumvi bali kufuta watu.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Essex, meli ya kuwinda nyangumi, iling'oa nanga katika kisiwa cha Nantucket, Massachusetts, mnamo Agosti 1819. Nahodha wake alikuwa George Pollard, na wasaidizi wake wawili walikuwa Owen Chase na Matthew Joy. Tarehe 20 Novemba 1820, katikati ya Bahari ya Pasifiki, nyangumi dume ambaye Chase alimkadiria kuwa na urefu wa futi 85 aliipiga meli kwa kichwa mara mbili, ikazama. Watu 20 walijipakia katika mashua tatu. Pollard alitaka waelekee Visiwa vya Society, ambako upepo ungewapeleka. Chase na Joy walipinga kwa kuhofu kwamba visiwa vya upande huo vimejaa wala watu, na nahodha akakubali kushindwa. Wakaishika njia ndefu ya kurudi Amerika ya Kusini. Watano waliokolewa baharini Februari 1821. Watatu waliokuwa wamebaki katika kisiwa cha Henderson walichukuliwa Aprili. Miili ya watu saba ilikuwa imeliwa, na walioila ni wale wale waliowakimbia wala watu. Kinaya cha namna hii hakikuhitaji kutungwa.

Filamu inakijenga kisa hiki juu ya ungamo. Mwaka 1850 mwandishi Herman Melville anamwendea Thomas Nickerson, aliyekuwa kijana wa miaka 14 melini, na sasa ni mzee mlevi aliyebeba siri isiyotamkika. Usiku kucha mzee anasukumwa aseme, na mwisho anasema: walikula wenzao. Hapo muziki unapanda na machozi yanatoka. Kwamba Melville na Nickerson hawakukutana hivyo si neno. Mtunzi ana haki ya kukutanisha watu wake. Tatizo ni kwamba siri inayofichuliwa haikuwa siri. Chase alichapisha simulizi yake mjini New York mwaka ule ule wa 1821, na kula watu kumo ndani yake, kumeelezwa waziwazi. Filamu inafunua kwa kishindo chungu ambacho kilifunuliwa miaka 194 kabla yake. Zaidi ya hayo, inabuni wenye meli wanaoshurutisha manusura waseme uongo kuhusu kuzama kwa meli, ili siri hiyo bandia ipate ulinzi.

Swali la kuuliza ni kwa nini filamu ilihitaji siri hata ikaibuni. Jibu ni kwamba ungamo huipa hadhira dhamiri moja ya kuihurumia, nayo ni dhamiri ya aliyekula. Aliyeliwa hana nafasi katika ungamo. Ndiyo maana chungu cha pili, ambacho kweli kimefunikwa, hakiguswi hata kwa ncha ya kidole.

Katika watu 20 wa Essex siku ya ajali, sita walikuwa weusi: Richard Peterson, William Bond, Lawson Thomas, Charles Shorter, Isaiah Sheppard na Samuel Reed. Katika manusura wanane, hapana hata mweusi mmoja. Miili minne ya mwanzo kuliwa, kati ya tarehe 20 na 28 Januari 1821, ilikuwa ya Thomas, Shorter, Sheppard na Reed. Haya si madai ya mhakiki mwenye kinyongo. Yamo katika kumbukumbu za safari, na mwanahistoria Nathaniel Philbrick, ambaye kitabu chake cha mwaka 2000 ndicho kilichoipa filamu jina na msingi wake, hakulikwepa swali hilo. Waandishi wa filamu walikuwa na kurasa hizo mikononi mwao.

Hapana anayesema kwamba watu hao waliuawa kwa sababu ya rangi yao. Ushahidi wa jambo hilo haupo. Aliyeuawa kwa kura alikuwa mzungu, Owen Coffin, binamu wa nahodha, aliyepigwa risasi mwanzoni mwa Februari. Lakini njaa nayo haikuanza siku meli ilipozama. Waswahili husema tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani wa nyuma na wa mbele wote mwisho wao ni mmoja. Essex inaipinga methali hiyo. Mabaharia weusi walilala omoni, mahali pabaya kuliko pote melini, na chakula chao kilikuwa duni kuliko cha wakubwa waliokaa tezini. Waliingia katika mashua wakiwa wamekwisha kukonda.

Kisha zikagawanywa mashua. Wanne kati ya weusi sita walitiwa katika mashua ya tatu, ya Joy, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Wana wa Nantucket walijazana kwa Pollard na Chase, na wote watano waliookolewa baharini walikuwa watu waliolelewa kisiwani humo. Dira na vipimo vya jua vilivyookolewa vilitosha mashua mbili tu, vikaenda kwa nahodha na msaidizi wake wa kwanza. Mashua ya tatu haikupata. Ilisafiri kwa kufuata matanga ya wenzake, na kila giza lilipoingia uhai wa waliomo ulitegemea kutopoteana na wengine.

Aliyeviokoa vipimo hivyo ni William Bond, mweusi, mhudumu wa vyumba vya wakubwa. Meli ilipokuwa inalala ubavu, maji yakiingia kwa nguvu, Bond alishuka chini zaidi ya mara moja akatoka na masanduku ya nahodha na ya Chase pamoja na zana za kupimia njia. Bila yeye pengine asingerudi mtu wa kusimulia. Naye akapangiwa mashua isiyokuwa na hata dira. Joy alifariki tarehe 10 Januari na uongozi ukashikwa na Obed Hendricks. Mkate wao ukawa wa kwanza kwisha. Na usiku mmoja mwishoni mwa mwezi huo mashua hiyo ikapotelea gizani, Bond akiwa ndani. Haikuonekana tena.

Mwandishi wa tamthilia anayetafuta mgogoro, dhamiri na kinaya katika tukio moja angetaka nini zaidi? Filamu ya Howard inataka zaidi. Inataka Chase na Pollard wagombane, mmoja mwana wa watu wa kawaida na mwingine mwana wa ukoo mkubwa, na inautia ugomvi huo uzito wote wa suala la tabaka, kana kwamba tabaka melini lilianzia na kuishia katika vyumba vya tezini. Inataka pia nyangumi awafuate manusura baharini kama jini mwenye kisasi, jambo ambalo halikutokea. Joy anabakishwa kisiwani, na kwa hivyo mashua yake inapokonywa maana yake. Bond na Peterson wamo, lakini kama mandhari. Peterson wa kweli alikuwa mzee wa takriban miaka 60, mcha Mungu aliyewaongoza wenzake katika sala. Katika filamu ni kijana.

Hapa ndipo hirizi inapotolewa: msanii ana uhuru. Ni ajabu kuisikia hoja hii kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, ambaye tangu mwaka wa kwanza hufundishwa uhuru wa mshairi na mipaka yake. Mshairi huruhusiwa inkisari ili mizani itimie. Huruhusiwa tabdila ili kina kipatane. Huruhusiwa kuboronga mpangilio wa maneno. Ruhusa hizo zote hutolewa kwa sababu kuna sharti la umbo linalombana, na zote huliacha neno likitambulikana. Hapana mwalimu wa arudhi aliyepata kufundisha kwamba mshairi aliyebanwa na mizani anaweza kumwondoa mtu katika kisa. Wala filamu hii haikubanwa. Ina saa mbili na dakika kadhaa, na ilipata nafasi ya kutosha kumrudisha nyangumi.

Watetezi wengine husema kwamba nyangumi huyo ndiye ujumbe wenyewe: filamu inasutia uchoyo wa binadamu dhidi ya maumbile. Ujumbe ni mwema. Lakini uchoyo wa biashara ya mafuta ya nyangumi haukula wanyama tu. Ulikula pia mabaharia, na uliwala kwa zamu. Filamu inayomwonea huruma nyangumi na kupita kimya juu ya Lawson Thomas imechagua huruma isiyomgharimu mtazamaji wake kitu.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa Melville mwenyewe, ambaye filamu inamfanya mhusika. Riwaya yake ya Moby-Dick (1851) ilichota katika ajali ya Essex, nayo haikudai kuwa historia. Melville alibuni meli, nahodha na nyangumi. Hata hivyo, warusha chusa watatu wa meli yake ni Queequeg wa visiwa vya Pasifiki, Tashtego wa Wahindi Wekundu na Daggoo Mwafrika, na ni Pip, mvulana mweusi aliyeachwa peke yake baharini hadi akarukwa na akili, anayetamka baadhi ya maneno mazito kuliko yote kitabuni. Mtu anaweza kuubishia usawiri huo, na wengi wameubishia. Lisilobishika ni kwamba aliyetumia uhuru mkubwa zaidi aliwakumbuka, na aliyetangaza kwamba anasimulia ukweli ulio nyuma ya riwaya aliwasahau.

Yamkini atatokea msomaji wa kuuliza Nantucket inahusu nini idara ya Kiswahili. Meli za New England hazikuwa ngeni katika pwani hii. Jina la kitambaa cha merikani latosha kuwa shahidi. J. Ross Browne, Mmarekani aliyeajiriwa katika meli ya nyangumi na kuiacha Zanzibar, alichapisha mwaka 1846 kitabu kuhusu taabu za kazi hiyo, na sehemu yake ni maelezo ya Unguja. Lakini hata pasipo uhusiano huo swali lingejibika: filamu hizi huonyeshwa hapa, na wanafunzi huzitolea mifano darasani wanapojadili riwaya ya kihistoria.

Kama Howard alitaka fremu ya mtu anayesubiri kusimuliwa, simulizi ya Chase ilikuwa nayo. Tarehe 20 Januari 1821 Richard Peterson alikataa posho yake ya mkate, akasema apewe mwingine ambaye labda utamfaa. Akamwomba Chase, endapo atafika nyumbani, ampelekee mkewe habari za kifo chake. Mke huyo alikuwa New York, mji ule ule ambako miezi michache baadaye kitabu cha Chase kilipigwa chapa.