Upepo wavuma usiku, taifa limelala

MITAMBO 365 ya kuzalisha umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, ina uwezo wa kutoa megawati 310. Hakuna mradi mkubwa zaidi wa aina hiyo nchini.

Lakini mitambo hiyo ilipokamilika mwaka 2017, nyaya za kusafirisha umeme hadi Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari. Mwanakandarasi kutoka Uhispania alikuwa amefilisika. Umeme uliingia katika gridi ya taifa Septemba 2018, huku serikali ikibebeshwa fidia ya mabilioni ya shilingi.

Tatizo lililosalia ni gumu zaidi. Upepo wa huko huvuma kwa nguvu usiku wa manane, wakati matumizi yamepungua. Wasimamizi wa gridi hulazimika ama kuzuia umeme huo au kuacha mvuke wa Olkaria upotelee hewani. Bila betri kubwa za kuuhifadhi, kuongeza mitambo ni kuteka maji kwa pakacha. Tena, chini ya mkataba wa miaka 20 uliotiwa saini na Kenya Power, hata umeme uliozuiwa hulipiwa.