Fundi na Kuta za Udongo
Fundi anayehamia nyumba kuukuu Kibera, jijini Nairobi, alale chumba cha nyuma na kuchonga mifupa ya ng'ombe iwe vipuli katika chumba cha mbele, hupiga hesabu ambazo mwenzake wa mtaa wa Kawangware hazijui. Kuta ni fito na udongo, na chini, pale mvua inaporusha maji, zimeliwa. Anakandika upya, anapaka plasta nyembamba ya saruji, anabadilisha mabati yaliyotoboka, anainua kizingiti ili mtaro ukifurika maji yasifikie mashine za kuchongea. Kumwaga zege ndiko kunakomtia wasiwasi. Ardhi kwa sehemu kubwa ni ya serikali, mwenye nyumba ana jengo tu, na kwa miaka mingi hata kuziba paa kulihitaji baraka za chifu. Wanubi wenyewe, ambao babu zao askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) waliwekwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 23, matingatinga yakabomoa nyumba kupisha barabara ya kuunganisha ile ya Ngong na ya Lang'ata. Kawangware, ambako ploti nyingi zina hati, mwenye ploti hupandisha mawe bila hofu (kisha hupandisha na kodi). Kwa hiyo siwaelewi wanaosema udongo wa Kibera ni uvivu. Ningekuwa na karakana pale, mashine ningezifunga kwa bolti kwenye mbao, nizibebe kabla tingatinga halijafika.