Butembo na Beni: mkopo wa kuku si pesa ya minervali

Katika mitaa ya Butembo na Beni, banda la kuku nyuma ya nyumba limekuwa mfuko wa shule. Mwanafunzi wa chuo kikuu anafuga kuku 30 au 50, anauza wakati wa sikukuu, analipa sehemu ya minervali. Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi. Anayefika chuo kikuu anajitafutia. Na kwa familia zilizokimbia mauaji katika vijiji vya Beni, shamba la kakao lililolipa masomo ya watoto limebaki nyuma, na wengi hawathubutu kurudi kulivuna.

Ndiyo maana vijana wengi wanafikiria mkopo: kutoka kuku 50 kwenda 200. Wazo si baya. Kosa linaanza siku pesa zinapotoka. Mkopo umeombwa kwa jina la kuku, lakini chuo kinadai, mtihani umekaribia, na nusu ya pesa inaishia kwenye kasha la chuo.

Hesabu yake ni hii. Mtu akikopa dola 600 kwa mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 3 kila mwezi juu ya mkopo wote, atalipa dola 50 za deni na 18 za riba: dola 68 kila mwezi. Akitoa 300 za minervali, zile 300 zilizobaki bandani ndizo zinatakiwa kuzaa 68 kila mwezi, kabla mwenyewe hajanunua hata sabuni. Hakuna banda dogo linaloweza kubeba mzigo huo kwa miezi 12. Kuku watauzwa kabla ya kukomaa, mdhamini atafuatwa nyumbani, na mwaka unaofuata mwanafunzi hana kuku wala minervali.

Kuku naye ana kalenda yake, na haiifuati ya mkopeshaji. Kuku wa nyama anahitaji wiki 6 hivi, na hadi hapo amekula karibu kilo 4 za chakula. Malipo ya kwanza ya deni yanafika siku ya 30, vifaranga wakiwa bado hawauziki. Kuku wa mayai ni mzigo zaidi: anaanza kutaga akiwa na miezi 5 hivi. Kuku 100 wa mayai hula karibu kilo 700 za chakula kabla ya yai la kwanza. Na mahindi yanapanda bei kila mara wakulima wanaposhindwa kufika mashambani kwa sababu ya usalama.

Kwa hiyo njia ya akili ni ya polepole. Anayesoma aanze na kuku wa nyama, kwa pesa yake au ya likelemba, azungushe banda mara mbili au tatu na kuandika kila kitu: vifaranga waliokufa, gunia la chakula, bei ya kuuza. Akishajua faida ya kweli ya mzunguko mmoja, ndipo aombe mkopo ambao faida hiyo inaweza kuulipa. Pesa ya mkopo yote iingie bandani. Minervali ilipwe kwa faida, awamu kwa awamu, hata kama ni kidogo kidogo.

Wakopeshaji nao wana sehemu yao. Koperative ya akiba na mikopo inayomtaka mfugaji alipe kuanzia mwezi wa kwanza inajidanganya yenyewe: inalipwa kwa pesa iliyotoka kwenye mkopo wake. Kungoja miezi 2 kwa kuku wa nyama, na miezi 6 kwa kuku wa mayai, si kumhurumia mteja. Ni kulinda deni lenyewe. Vyuo pia vinaweza kukubaliana na mwanafunzi tarehe za kulipa kulingana na mauzo yake, badala ya kumzuia mlangoni siku ya mtihani.

Kwa familia zilizohama, swali ni gumu zaidi. Hazina karatasi ya parseli ya kuweka rehani, na hakuna anayejua kama mwezi ujao zitakuwa mahali hapo hapo. Anayeweza kulazimika kuhama tena asikope kwa kuku wa mayai. Kuku wa nyama wachache, wanaouzwa baada ya wiki 6, wanampa nafasi ya kufunga kazi bila deni refu. Vikundi vya AVEC, ambako dhamana ni kuaminiana, vinamfaa kuliko mkopo mkubwa wa mjini.

Kuna jambo moja ambalo majirani wanaweza kufanya kesho: kuchanja pamoja. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chupa moja ya chanjo huwa ya dozi 100 au zaidi, na inatakiwa kukaa kwenye baridi. Mwenye kuku 30 peke yake anaitupa nyingi. Wafugaji watano wakiinunua pamoja na kuchanja siku moja, gharama inagawanyika.

Diploma inaweza kutoka bandani. Lakini kuku akishaliwa na deni, mwenye banda hatakuwa na la kuuza siku chuo kitakapodai tena.