Kuogopa Siyo Utovu wa Adabu

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao upande wetu huu wa Magharibi. Hapa Nyakiriba tulihesabu nyumba, mbuzi na mashamba ya viazi. Hofu za watoto hakuna aliyezihesabu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka mitano. Tangu siku ile, mvua ikigonga mabati alilia. Mjomba wetu mmoja akamkemea kwa methali ya Kinyarwanda tunayoijua sote, kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Baada ya wiki chache mtoto alinyamaza. Watu wakamsifu: amekua! Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua kwamba kila mvua iliponyesha alikojoa, na mkono wa sweta yake aliutafuna hadi ukatoboka.

Huko ndiko kukua?

Naambiwa kwamba mtoto akibembelezwa atadeka, na kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Haya, twende Uganda, siyo Ulaya. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Kampala, akawa anazitembelea familia 26 vijijini kwa Waganda, akiwaangalia watoto wachanga 28 pamoja na mama zao. Watoto ambao mama zao waliwaelewa na kuwaitikia hawakulia ovyo. Walitambaa mbali na mama, wakachungulia mambo, kisha wakamrudia. Waliolia sana, hata wakiwa mikononi mwa mama, ni wale wasiokuwa na uhakika naye. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na leo vyuo vikuu vya mbali vinafundisha yaliyoonekana kwa jirani zetu.

Sisemi mtoto asikanywe. Akimpiga mwenzake, akanywe. Lakini kuogopa ni kosa gani?

Najua pia kwamba mama anayetoka shambani jioni, mgongo unamuuma na maharagwe hayajaiva, hana saa nzima ya mazungumzo. Hoja hiyo ni ya kweli, naiheshimu kuliko ile ya kudeka. Ila bibi yetu, ambaye hakusoma, alitumia kama dakika kumi. Usiku mmoja mvua ilipoanza aliingia na tochi, akaketi kitandani, akasema, “Mwanangu, najua unaogopa. Hata mimi niliogopa siku ile.” Basi. Mtoto alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, “Bibi, mto ukija tena, nani atanibeba?”

Swali hilo alikuwa nalo tumboni tangu Mei, pamoja na yale machozi.

Kwenye jioni ya wazazi ijayo hapa kijijini atasimama mtu, kama kawaida, kusema watoto wa siku hizi ni laini. Nitamwomba anipe jibu ambalo yeye angempa mdogo wangu.