Mchora Katuni, Utuchore na Sisi

Ndugu zangu wa Mwanza, kuna kicheko kinanikera. Katuni ikitoka gazetini, mbunge kasinzia ukumbini Dodoma, kitambi kimemfika magotini, mji mzima unacheka. Wahenga walisema cheka uchafu, usicheke kilema. Sisi twacheka kitambi, uchafu twauacha.

Wachoraji wa Uingereza huazima kwa Shakespeare. Mwaka 1791 James Gillray alimchora Waziri Mkuu Pitt na wenzake wawili kama wachawi watatu wa Makbeth. Sisi tunacho chetu karibu: Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alitupa mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, kwa Kiswahili mwaka 1963, akaurudia 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Mle mchezoni unaotuhusu ni umati. Unamshangilia Brutus aliyemuua Kaizari, akipanda Antony jukwaani, umati uleule unageuka. Akiusoma wosia wa Kaizari kwamba kila raia atapata drakma 75, watu wanakwenda kuchoma nyumba. Kama hiyo si takrima, ni nini? Kwetu Mahakama Kuu iliibatilisha takrima ya wagombea mwaka 2006, lakini kila kampeni bado twauliza fulana ziko wapi na ubwabwa umeiva lini. Mkono mtupu haulambwi!

Na si kwenye kampeni tu. Rasimu ya Katiba ya Jaji Warioba ya 2013 ilitaka ubunge ukome kwa vipindi vitatu, na wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Bunge Maalum la Katiba la 2014 likayafuta yote mawili. Toka Kirumba hadi Igoma, nani alihoji? Nyani haoni kundule.

Nanyi mnaosimama mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma, mkasoma vichwa vya habari bure na katuni juu yake, huku muuzaji akikandamiza kurasa kwa mawe upepo wa ziwa usizichukue: mchoraji ale nini? Sifa hazijazi sufuria.

Lakini nawajua, si wajinga. Sokoni hamtoi hela kabla ya kufunua mashavu ya sato mkaona wekundu. Mbona mgombea hamumfunui?

Basi mchoraji, chora umati wa Kaizari, leo fulana za chama hiki, kesho za kile. Atakayejiona na anune. Na mgombea ajaye akisimama viwanja vya Furahisha, mwulizeni kwanza: ukomo wa ubunge unauunga mkono au huungi? Asipojibu, msipige makofi.